Uwanja wa Makasia Tunao: Maneno ya Tawi Kuhusu Bahari Yetu

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI*

_Haya ni maneno yaliyosomwa na kamati kwenye mkutano wa tawi. Tunayatuma kwa ambao hawakuwahi kufika, na kwa waliofika wakakaa nyuma karibu na feni wasisikie. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu._



Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zetu wa tawi,

Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita, ukumbi huu huu, tulipitisha kwa makofi pendekezo moja zito: kwamba tawi liombe kuchimbwe uwanja wa makasia na mitumbwi wa kimataifa hapa Unguja. Sababu zilikuwa nzuri. Amaan umetengenezwa na kufunguliwa upya mwishoni mwa 2023. Mashindano ya AFCON ya 2027 tumepewa sisi pamoja na Kenya na Uganda. Kijana mmoja akasimama akauliza: mpira umepata chake, na bahari je? Sisi watu wa kisiwa, tuliozaliwa na maji mbele na maji nyuma, mbona kwenye michezo ya maji ya dunia hatuonekani?

Ukumbi wote uliitikia. Kamati ikapewa kazi ya kuandika barua ipelekwe wadi, na kutoka wadi ipande jimbo.

Hatukuiandika. Tuliona tujue kwanza tunaomba kitu gani. Tumesoma, tumekwenda pwani, tumekaa na manahodha, tumekaa na kina mama wa mwani, tumepiga hesabu. Leo tunarudi kwenu na jibu ambalo wengine halitawapendeza: lile swali la kijana lilikuwa sahihi, lakini ombi tulilolitoa lilikuwa na makosa. Tunaomba tulibadilishe, na tunaeleza kwa nini.

*1. UWANJA WENYEWE NI KITU GANI*

Uwanja wa makasia wa kimataifa ni maji yaliyonyooka kama rula. Mashindano ya makasia ya kawaida ni ya mita 2,000. Njia ni sita au nane, kila moja ina upana wa karibu mita 13 na nusu, na zimetengwa kwa mistari ya maboya madogo. Kina kisipungue mita 3, na kiwe sawa njia zote, maana chombo kikipita maji machache kinavutwa na chini. Mkondo usiwepo. Upepo usimsaidie mmoja ukamuumiza mwengine. Mwanzoni kuna gati za kushikia vyombo ili vyote viondoke kwa pamoja, pembeni kuna njia ya walimu kupita na baiskeli, na mwishoni kuna mnara wa waamuzi.

Mitumbwi hutumia uwanja huo huo, lakini safari zake ni fupi: mita 200, 500 na 1,000, na njia zake ni nyembamba zaidi, mita 9.

Hapa tufafanue jambo, maana kwenye grupu watu walibishana sana. Anayevuta makasia anakaa kinyumenyume, mgongo umeelekea omo, na kasia lake limeshikwa ubavuni mwa chombo, kama letu linavyoshikwa kwa kishwara. Anayekwenda kwa mtumbwi anatazama mbele, na kafi lake liko huru mikononi. Kwa hiyo mvuvi wetu anayetoka alfajiri na mtumbwi wake yuko karibu zaidi na huyu wa pili. Na yule anayetweka tanga kwenye ngalawa ana mchezo wake wa tatu, ambao dunia haijaupa medali lakini sisi tunaujua tangu babu na babu.

*2. HESABU ZILIZOTUNYAMAZISHA*

Tuanze na ardhi. Uwanja wa mita 2,000 unahitaji nafasi ya kusimamia, kwa hiyo tuseme mita 2,200. Njia nane zinakula mita 108. Tuongeze kidogo pembeni, tufike mita 120. Hayo ni maji matupu yenye ukubwa wa hekta 26 na zaidi, yaani karibu eka 65. Hatujahesabu kingo, barabara, banda la vyombo wala mahali pa kuweka magari.

Wazee wetu hapa wanajua maana ya eka tatu. Baada ya Mapinduzi, familia zilipewa eka tatu tatu, na wapo kati yetu waliosomeshwa na eka hizo. Uwanja mmoja wa makasia, maji peke yake, ni eka tatu tatu za familia 21. Tuulizane: familia 21 za wapi? Nani atakwenda kuwagongea mlango? Tawi hili?

Tuje kwenye maji. Mita 2,200 kwa 120 kwa kina cha 3 ni mita za ujazo 792,000, yaani lita milioni 792. Sensa ya 2022 ilituhesabu Wazanzibari 1,889,773. Kama kila mmoja wetu, Unguja na Pemba, mkubwa na mtoto mchanga, angepewa lita 50 kwa siku, maji hayo yangetutosha siku nane. Na hayo ni ya kujaza mara moja. Jua linachukua yake kila siku, na mwamba wetu wa maweweni unakunywa maji kama sifongo, hivyo lazima chini kutandikwe kitu cha kuzuia. Sisi tunaoamka saa tisa usiku kutega ndoo tutakwenda kuomba ziwa la maji matamu la kuchezea? Mama mmoja alituuliza swali hilo, na hatukuwa na la kumjibu.

Kuna mwenzetu aliyesema, basi tutumie maji ya bahari, tuzibe ghuba. Akaitaja Chwaka. Ndugu zetu, Chwaka maji yakitoka yanakwenda mbali, ghuba inabaki mchanga na majani ya bahari. Kina mama wanafanya kazi ya mwani pale, wanaokota chaza, samaki wanazalia kwenye mikoko. Kuyafanya maji yale yakae kina kimoja saa zote ni kuifunga ghuba milango. Tukiifunga, tumeua ghuba ili tupate uwanja.

Inafaa pia kukumbuka historia yetu. Mji Mkongwe zamani ulikaribia kuwa kisiwa. Maji yalikuwa yakiingia nyuma yake, kati ya mjini na Ng'ambo, na daraja lililovuka maji hayo ndilo lililoipa Darajani jina lake. Wakati wa Waingereza maji yale yalifukiwa ipatikane ardhi. Wao walifukia maji wapate ardhi, na sisi leo tulitaka kuchimba ardhi tupate maji, na bahari iko hatua mia mbili.

*3. WENZETU WALIOCHIMBA*

Hatusemi viwanja hivi ni vibaya. Tunasema kila aliyechimba alikuwa na sababu yake na mtu wa kukitumia.

Uingereza wana Dorney, uliotumika Olimpiki ya London 2012. Ule ni mali ya skuli, Eton. Walichimba kwa miaka, na kokoto na mchanga uliotoka vilisaidia kulipa gharama. Olimpiki ilikuja wiki mbili ikaondoka, lakini wanafunzi wao wapo majini mwaka mzima. Uwanja ulikuwa na wenyewe kabla ya sherehe na baada ya sherehe.

Ugiriki walijenga Schinias kwa Olimpiki ya 2004, karibu na Marathon, na kulikuwa na ugomvi mkubwa na watetezi wa mazingira kwa sababu ya ardhi oevu iliyokuwa pale.

Japani walifanya kile mwenzetu alichokitaka Chwaka. Kwa Olimpiki ya Tokyo waliziba mkono wa bahari kati ya visiwa viwili vya kufukiwa, wakaweka milango ya maji ncha zote mbili na vifaa vya kuzuia mawimbi. Baadaye chaza wakajishika kwenye vifaa vile hadi ikabidi watafutwe watu wa kuwabandua kwa gharama kubwa. Japani, pamoja na utajiri wake, ilitolewa jasho na chaza. Sisi tunaopara vyombo vyetu kila bamvua tunajua bahari inavyofanya kwa kitu kilichokaa majini.

La mwisho ni Marekani, na ndilo lililotufumbua macho. Olimpiki ya 2028 itakuwa Los Angeles. Makasia yatakuwa Long Beach, kwenye uwanja wa maji ya bahari uliotengenezwa kwa Olimpiki ya 1932. Leo uwanja huo hautoshi tena mita 2,000. Wakaacha kuchimba mwengine, wakasema mashindano yatakuwa ya mita 1,500. Wamarekani wamefupisha mashindano ya Olimpiki ili watumie maji waliyonayo! Sisi wa tawi tulikuwa tunaomba kirefu zaidi ya hicho.

*4. MCHEZO ULIOKUJA MLANGONI KWETU*

Kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya 2028 utaingia kwa mara ya kwanza mchezo wa makasia ya pwani. Hata Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegal, ya 2026, ya kwanza kuwekwa Afrika, imeuweka kwenye ratiba.

Unachezwa hivi. Wachezaji wawili wanasimama mchangani. Ishara ikitolewa wanakimbia pwani, wanarukia chombo, wanavuta makasia kwenda nje mita 250 wakizunguka maboya, wanageuza, wanarudi mita 250, wanaruka chini na kukimbia tena hadi kwenye mstari wa mwisho. Aliyeshinda anaendelea, aliyeshindwa anatoka. Yote yanakwisha kwa dakika chache. Chombo chake ni kipana na kizito kuliko vile vyembamba vya ziwani, kimetengenezwa kwa mawimbi.

Uwanja wa mchezo huu ni pwani, maboya, mstari na watu wa kuangalia. Mkondo ni sehemu ya mchezo. Wimbi ni sehemu ya mchezo. Anayejua bahari anamshinda mwenye misuli mitupu. Tukauliza: wapi duniani watoto wanakimbia mchangani na kurukia ngalawa inayoondoka tangu wana miaka saba?

Msidhani majirani zetu walingoja uwanja. Kenya haina ziwa la kuchimbwa la makasia, lakini Asiya Sururu, mtoto wa Mombasa aliyepoteza miguu kwa ajali ya treni akiwa mdogo, alivuta makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo. Uganda nayo haina uwanja huo, lakini Kathleen Noble aliiwakilisha Olimpiki ya Tokyo na ya Paris. Mtu alitangulia, na uwanja hata leo bado.

*5. BAHARI YETU INA RATIBA YAKE*

Tulipokwenda pwani ya Maruhubi, mzee mmoja nahodha alitusikiliza hadi mwisho, akacheka, kisha akatupa somo ambalo tulipaswa kulijua wenyewe.

Siku za bamvua, maji yanatoka sana asubuhi, na ndio wakati kina mama wanaposhuka kwenye mwani. Alasiri maji yanajaa hadi ukutani, na upepo umeshasimama. Hizo ni siku za ngalawa na tanga. Watu wametoka makazini, jua linaelekea kutua, Forodhani imejaa.

Siku za maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. Asubuhi mapema, kabla ya upepo, upande wetu huu wa magharibi ni shwari kama sahani. Hizo ni siku za makasia na mitumbwi.

Kwa hiyo mwezi mmoja una viwanja viwili: wiki ya tanga na wiki ya kasia. Hakuna aliyevichimba wala anayevijaza. Kinachohitajika ni mtu wa kusoma mwezi na kupanga tarehe, na watu hao tunao kila kijiji cha pwani.

Ziko dosari, na tunazisema. Mbele ya Malindi boti za Dar zinapita na kuacha mawimbi, na boti za watalii zinakwenda Changuu siku nzima. Hapo hapafai kwa mazoezi ya kila siku. Ndiyo maana tunapendekeza upande wa kaskazini mwa mji, Maruhubi kuelekea Mtoni, na Forodhani ibaki ya siku za sherehe. Mkondo pia upo, kwa hiyo hakuna rekodi ya dunia itakayoandikwa Maruhubi. Tunakubali. Kijana akiiva, atapelekwa palipo na ziwa. Lakini ataivia hapa.

*6. LILE LA MWAKA JANA*

Sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba utulivu.

Wengi wenu mlikuwepo mwaka jana tulipofanya resi ya ngalawa ya tawi. Ngoma ilikuwepo, picha zilipigwa, ngalawa tano zikashuka. Ya nne ilipogeuza boya, tanga likapiga upande usiotarajiwa, upepo ukaikamata, ikapinduka. Vijana wanne majini. Wawili walishika ubavu wa ngalawa. Wawili walikuwa hawajui kuogelea.

Hatukuwa na jaketi okozi hata moja. Hatukuwa na chombo cha uokozi. Hatukuwa tumemuuliza kijana yeyote kama anajua kuogelea. Tuliona aibu kumuuliza mtoto wa Unguja swali hilo. Waliowatoa ni wavuvi wawili waliokuwa wakirudi zao, ambao hata hawakualikwa kwenye resi. Mmoja wa vijana wale alilazwa usiku mmoja. Alhamdulillahi, yupo nasi leo, amekaa safu ya tatu.

Tulilifunga jambo lile haraka. Kwenye grupu tuliandika kwamba "resi imemalizika salama." Haikuwa kweli. Kosa lilikuwa letu sisi kamati, na hatujawahi kulitamka mbele yenu. Leo tunalitamka, na kwa familia zile mbili tunaomba radhi.

Kisiwa hiki kinajua kuzama. Septemba 2011, Spice Islander. Julai 2012, Skagit. Hakuna mtaa kati ya mitaa yetu ambao haukusoma khitma. Na bado tumekaa hapa miaka yote hii, tumezungukwa na bahari, na watoto wetu wengi, wa kike hasa, hawajui kuelea dakika mbili. Halafu tunapiga makofi ya uwanja wa kimataifa.

Kama ombi letu la kwanza lingekubaliwa kesho, tungepata ziwa la mita 2,200 na vijana wasiojua kuogelea wamesimama ukingoni. Hapo ndipo tulipoona kosa lilikuwa wapi.

*7. TUNACHOOMBA SASA*

Kamati inapendekeza barua iandikwe upya, yenye maombi haya sita. Mtayapigia kura moja moja.

*La kwanza:* kila skuli ya wadi yetu ipate mafunzo ya kuogelea, wavulana na wasichana, wakati tofauti, kwa mavazi ya stara. Nungwi jambo hili limefanyika: wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na waliofundishwa wakawa walimu wa wenzao. Hakuna dini wala mila iliyovunjika.

*La pili:* banda moja la vyombo pembeni ya diko, la kawaida, paa la bati na mlango wa kufuli. Ndani yake vyombo vinne vya makasia ya pwani, mitumbwi ya kujifunzia, na jaketi okozi za kutosha kila anayeshuka majini. Bila jaketi, hakuna kushuka.

*La tatu:* maboya yapangwe kwa mstari uliopimwa, mita 500, upande wa Maruhubi na Mtoni, kwa makubaliano na Shirika la Bandari na wavuvi wenyewe. Yawekwe siku za mazoezi na kutolewa jioni, yasije yakakata nyavu za watu.

*La nne:* kalenda ya mwaka ya resi, ipangwe kwa bamvua na maji mafu, ipitie Baraza la Taifa la Michezo, na KMKM waombwe chombo cha uokozi kila siku ya resi. Ngalawa ipewe zawadi sawa na makasia. Tusiufanye mchezo wetu kuwa wa kuwapumbaza wageni na wa kigeni kuwa ndio wa maana.

*La tano:* vijana wawili wa kila wadi ya pwani, mmoja wa kike, wapelekwe kusomea ualimu wa makasia ya pwani. Kifaa bila mwalimu kitaoza bandani.

*La sita, na hili tunaomba msilione dogo:* madiko yetu yasiguswe. Kila mwaka njia ya kushukia pwani inazidi kuwa nyembamba. Unakuta ukuta mahali ulipopita utotoni, unakuta kamba, unakuta mlinzi anakuuliza unakwenda wapi na wewe unakwenda baharini. Ngalawa isiyo na pa kuegeshwa itauzwa kuni. Ukishakosa diko, hata wakujengee uwanja wa dhahabu hutakuwa na mtu wa kuutumia, maana mvuta kasia anazaliwa dikoni.

*8. MASWALI TULIYOULIZWA*

_"Huku si kujidharau? Wenzetu wanapata vikubwa, sisi tunaomba bati na maboya."_ Tumelifikiria. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Uwanja mkubwa unaweza kuja siku moja, na hatutaukataa. Lakini siku hiyo tuwe na vijana mia wanaovuta, ili tukiombwa sababu tuwaonyeshe vijana, tusionyeshe ramani.

_"Wavuvi watafukuzwa?"_ Hapana, na kama mpango wowote utawafukuza, tawi hili litakuwa la kwanza kuupinga. Wavuvi wawili waliwaokoa watoto wetu bure. Tunataka wakae kwenye kamati ya resi, na posho walipwe wao kwanza.

_"Wanawake je?"_ Makasia yana mashindano ya wanawake sawa na wanaume, na kuna ya pamoja pia, mwanamke na mwanamme chombo kimoja. Wazazi wakitaka mazoezi ya wasichana yawe peke yao, yatakuwa peke yao. Tukumbuke tu kwamba kina mama wa mwani wameshaingia baharini kabla ya mjadala huu kuanza.

_"Fedha zitatoka wapi?"_ Hatutawadanganya kwa tarakimu tusiyoijua. Tunachojua ni kwamba banda na maboya ni vitu ambavyo wadi, jimbo na wafadhili wa kawaida wanaweza kuvikaa na kuvipanga. Ziwa la eka 65 hakuna kati yetu anayeweza hata kulifuatilia. Ombi linalofuatilika linamuweka kiongozi mahali pa kujibu. Ombi kubwa mno linampa nafasi ya kusema "linashughulikiwa" hadi uchaguzi mwengine.

_"Tawi lifanye nini wakati barua inapanda?"_ Hili ndilo swali zuri kuliko yote. Tumekubaliana kamati nzima kwamba resi ya mwaka huu haitafanyika hadi tupate jaketi okozi ishirini. Kila mwanakamati atachangia moja. Mtaa utakaochangia tatu utaweka jina lake kwenye ngalawa. Na kuanzia wiki ijayo ya maji mafu, wazee wawili waliojitolea watakuwa pwani Jumamosi asubuhi kufundisha watoto kuelea, tu kuelea. Leteni watoto. Msilete makafi wala matanga.

*9. MWISHO*

Tulisema mwanzo kwamba kijana wetu aliuliza swali sahihi: na bahari je? Tulimjibu haraka, kwa makofi. Leo tunamjibu taratibu zaidi. Uwanja upo, Mungu ameshauchimba, ameujaza, na anaupandisha na kuushusha mara mbili kila siku. Kilichobaki ni chetu: mtoto ajue kuogelea, chombo kiwe kizima, jaketi ifungwe, diko libaki wazi, na tarehe ipangwe na mwenye kujua mwezi.

Kura za maombi sita zitapigwa kwenye mkutano ujao, baada ya salat Alasiri. Asiyekubaliana na kamati tunamuomba aje aseme ukumbini, asiseme barazani tu. Na yule kijana wa safu ya tatu, kama ataridhia, tunaomba yeye ndiye apeleke barua wadi kwa mkono wake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

*Kamati ya Tawi*

_Mfikishie mwanachama asiye na simu. Usiongeze neno, usipunguze._